César Milstein: Mwana wa mhamiaji aliyewezesha CD4 kuhesabiwa

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

KWA zaidi ya miaka kumi, maelfu ya wakazi wa mikoa ya Mbeya na Iringa waliishi kwa kutegemea namba moja. Iliandikwa kwa kalamu katika kadi ya kliniki, na mgonjwa aliibeba kichwani kutoka hospitalini hadi nyumbani, akijiuliza kama safari ijayo ataikuta imepanda au imeshuka.

Namba hiyo ilikuwa hesabu ya CD4. Mpango wa taifa wa kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi ulipoanza Oktoba 2004, aliyekutwa na hesabu iliyo chini ya 200 aliandikiwa dawa. Aliyekuwa na zaidi ya hapo, kama hakuwa na dalili za ugonjwa mzito, alishauriwa kurudi nyumbani, kula vizuri na kuja tena baada ya miezi kadhaa.

Wengi waliijua namba yao, lakini ni wachache waliojua inavyopatikana. Huwezi kuziona CD4 kwa macho, na hata darubini ya kawaida haitofautishi chembe nyeupe ya damu yenye CD4 na ile isiyo nayo. Kinachozitenganisha ni kingamwili, yaani protini iliyotengenezwa maabara kwa kazi moja tu ya kuitafuta CD4 juu ya seli na kuing'ang'ania.

Mbinu ya kutengeneza kingamwili za namna hiyo ilibuniwa mwaka 1975 katika mji wa Cambridge nchini Uingereza na wanasayansi wawili, César Milstein wa Argentina na Georges Köhler wa Ujerumani. Makala haya yanaangalia maisha ya Milstein, mtu ambaye hakuchuma utajiri kutokana na ugunduzi wake, na ambaye hakuishi hadi kuona jinsi ulivyogeuka kuwa mizani ya uhai katika Nyanda za Juu Kusini.

Mtoto wa Bahía Blanca

César Milstein alizaliwa Oktoba 8, 1927 katika mji wa bandari wa Bahía Blanca, Argentina. Baba yake, Lázaro, alikuwa Myahudi aliyehamia nchini humo akiwa kijana mdogo, na mama yake, Máxima, alikuwa mwalimu.

Wazazi hao walikuwa na watoto watatu wa kiume, César akiwa wa pili. Hawakuwa na mali ya kuwarithisha, hivyo waliazimia kuwapa elimu. Kwao hakukuwa na mzigo uliokuwa mzito mno ilimradi vijana wote watatu wafike chuo kikuu, na kweli wote walifika.

Akiwa bado mtoto, César alisoma kitabu cha Paul de Kruif kuhusu wawindaji wa vijidudu, akina Louis Pasteur na Robert Koch. Kitabu hicho kiliwavuta vijana wengi wa kizazi chake kwenye sayansi, naye alikuwa mmoja wao.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Buenos Aires kusoma kemia. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, hakuwa mwanafunzi wa kutisha darasani. Muda wake mwingi aliutumia katika chama cha wanafunzi na katika siasa za chuo, wakati ambapo nchi ilikuwa chini ya utawala wa Juan Perón na wanafunzi wengi walikuwa katika upinzani.

Ni katika miaka hiyo ya masomo alipokutana na Celia Prilleltensky, ambaye naye alikuwa akisoma kemia. Walifunga ndoa mwaka 1953, kisha wakachukua mwaka mzima wa mapumziko na kuzunguka nchi nyingi za Ulaya kwa kuomba lifti barabarani. Walipitia hadi Israeli, ambako walifanya kazi za shamba kwa miezi kadhaa.

Waliporejea, Milstein alianza kusomea shahada ya uzamivu chini ya Profesa Andrés Stoppani. Hakukuwa na fedha za kumlipa mwanafunzi. Maabara ilikuwa na vifaa vichache, na chupa moja ikivunjika ilikuwa msiba. Ili kupata mkate wa kila siku, alifanya kazi ya muda katika maabara ya vipimo vya tiba, akipima sampuli za wagonjwa kama wanavyofanya leo mafundi sanifu wa maabara katika hospitali zetu za wilaya.

Anaijenga maabara, anaiacha

Alihitimu mwaka 1957, na mwaka uliofuata alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alipata shahada ya pili ya uzamivu mwaka 1960 na, jambo lililokuja kuwa kubwa zaidi katika maisha yake, alifahamiana na Frederick Sanger, bingwa wa kusoma mpangilio wa protini ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1958 na mwaka 1980.

Angeweza kubaki Uingereza, lakini mwaka 1961 alirudi nyumbani. Alikabidhiwa idara mpya ya baiolojia ya molekuli katika Taasisi ya Malbrán mjini Buenos Aires, akaanza kukusanya vijana na vifaa.

Kazi hiyo haikudumu hata miaka miwili. Machi 1962 jeshi lilimpindua Rais Arturo Frondizi, na wimbi la kuwaandama wasomi likaikumba taasisi hiyo. Mkurugenzi wake, Ignacio Pirosky, aliondolewa, na watafiti wengine wakafukuzwa. Milstein hakukubali kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Alijiuzulu kwa kupinga hatua hiyo, na mwaka 1963 yeye na Celia walifunga mizigo na kurudi Cambridge.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Milstein alitaka kucheza kwao, akafungiwa uwanja. Argentina ilimpoteza mwanasayansi ambaye miaka 21 baadaye angesimama Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel, na nchi zinazowachukulia watafiti wake kuwa mapambo ya kuondolewa siasa zikichafuka zina la kujifunza hapo.

Mjini Cambridge alipokewa na Sanger katika Maabara ya Baiolojia ya Molekuli ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Sanger ndiye aliyemshauri aache vimeng'enya alivyokuwa akivichunguza na kugeukia kingamwili. Milstein aliusikiliza ushauri huo, na hakuiacha njia hiyo hadi kufa kwake.

Gunia la maharage mchanganyiko

Ili kuelewa alichokifanya, ni vema kwanza kuelewa kingamwili ni nini. Mwili unapoingiliwa na kitu kigeni, baadhi ya chembe nyeupe za damu hutengeneza protini zenye umbo linalolingana na sehemu ya kitu hicho, kama ufunguo unavyolingana na kufuli lake. Protini hizo hukishika kitu hicho ili kizuiwe au kiharibiwe.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19 wanasayansi walijua kwamba kingamwili zinaweza kutumika pia kama chombo cha kutambulia vitu. Walimchoma mnyama sindano yenye kitu walichotaka kukitafuta, wakasubiri, kisha wakachukua damu yake.

Tatizo lilikuwa kwamba damu hiyo ilikuwa na kingamwili za aina nyingi mno kwa pamoja. Ilikuwa sawa na kununua gunia la maharage mchanganyiko huku ukihitaji mbegu ya aina moja tu ya kupanda. Aidha, kila mnyama alitoa mchanganyiko wake, na alipokufa, mchanganyiko huo haukupatikana tena.

Kila seli inayotengeneza kingamwili hutengeneza aina moja tu. Kwa hiyo, kama mtu angeweza kuichukua seli moja na kuikuza peke yake, angepata kingamwili safi ya aina moja. Lakini seli hizo zikitolewa mwilini hufa baada ya siku chache.

Milstein alikuwa akifanya kazi na seli za aina nyingine, zile za saratani ya uboho wa panya. Hizo hazifi. Ukizilisha katika chombo cha maabara, huendelea kugawanyika mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1973, akiwa na mtafiti kutoka Australia, Dick Cotton, alionyesha kwamba seli mbili za namna hiyo zinaweza kuunganishwa kuwa seli moja na bado zikaendelea kutoa protini zao.

Usiku wa Köhler

Mwaka 1974 aliwasili Cambridge kijana wa Kijerumani aliyekuwa na umri wa miaka 28. Georges Köhler, mzaliwa wa Munich, alikuwa amemaliza masomo ya uzamivu katika Taasisi ya Elimu ya Kinga ya Basel nchini Uswisi, na alikuja kufanya kazi chini ya Milstein.

Wawili hao waliamua kuioanisha seli inayokufa na seli isiyokufa. Walimchoma panya sindano yenye chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakachukua seli za wengu wake zilizokuwa zikitengeneza kingamwili dhidi ya damu hiyo, na kuziunganisha na seli za saratani. Kisha wakaziweka katika lishe maalumu ambayo seli za saratani zisizoungana haziwezi kuishi ndani yake. Zile za wengu zisizoungana zilikufa zenyewe. Zilizobaki zilikuwa chotara tu.

Mwanzoni mwa mwaka 1975, Köhler alishuka usiku katika chumba cha chini cha maabara kuangalia matokeo, akiwa ameongozana na mkewe ili asichoshwe na kazi aliyodhani haitazaa kitu. Kama kulikuwa na seli zinazotoa kingamwili iliyokusudiwa, zingezungukwa na duara jeupe pale damu ya kondoo ilipoharibiwa. Maduara yalikuwa yamejaa.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Agosti 7, 1975. Seli chotara hizo baadaye ziliitwa haibridoma, na kingamwili zake zikaitwa kingamwili za monokloni, maana yake zote zimetoka katika uzao wa seli moja.

Hata hivyo, mambo hayakunyooka mara moja. Ulipita muda ambao jaribio lile lile lilikataa kufanya kazi katika maabara ile ile iliyolibuni. Mtafiti mwingine wa kundi hilo, Giovanni Galfré, ndiye aliyegundua kwamba kemikali moja iliyotumika katika lishe ilikuwa imeharibika. Ilipobadilishwa, seli zikarudi kuota.

Kingamwili iliyoitwa W3/25

Damu ya kondoo ilikuwa ya majaribio tu. Swali lilikuwa kama mbinu hiyo ingeweza kutambua vitu ambavyo hakuna aliyejua kama vipo.

Kwa kushirikiana na Alan Williams wa Oxford, Milstein na Galfré walichukua utando wa nje wa seli za kinga za aina moja ya panya na kuuchoma katika panya wa aina nyingine. Hawakuchagua protini wanayoitafuta. Waliuacha mwili wa panya uchague, kisha wakazitenganisha seli chotara moja moja na kuangalia kila kingamwili inashika nini.

Mwaka 1977 walitangaza matokeo. Mojawapo ya kingamwili hizo iliitwa W3/25, jina la kawaida la daftari la maabara. Iliyashika baadhi ya makundi ya chembe nyeupe na kuyaacha mengine. Mwaka uliofuata ilithibitika kwamba seli zilizoshikwa ni zile zinazozisaidia seli nyingine za kinga kufanya kazi yake. Kwa mara ya kwanza, seli saidizi hizo za panya ziliweza kutengwa na wenzao kwa kingamwili ya monokloni.

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walitangaza kingamwili ya kutambua protini kama hiyo kwenye seli za binadamu. Kila maabara ilikuwa na jina lake, hali iliyoleta mkanganyiko mkubwa. Ndipo wataalamu walipokutana Paris mwaka 1982, wakalinganisha kingamwili zao na kuanza kuzipa protini za juu ya seli namba za pamoja zinazoanza na herufi CD. Protini iliyotambuliwa na W3/25 kwa panya ndiyo iliyokuja kuitwa CD4.

CD4 si alama tu ya kupamba seli. Mwaka 1987 ilionyeshwa nchini Marekani kwamba protini hiyo huishikiza seli saidizi kwenye seli nyingine inayoiletea taarifa za adui, mithili ya kifungo na tundu lake. Bila kushikana huko, ujumbe haufiki barabara na jeshi la mwili halipati amri.

Protini za kushikanisha seli ziko nyingi, na leo nyingi kati yake hutambuliwa kwa kingamwili zilizotengenezwa kwa mbinu ya Cambridge. Iko, kwa mfano, E-kadherini, inayozifunga pamoja seli za matiti na za viungo vingine. Daktari wa patholojia huitafuta kwa kingamwili katika kinyama kilichokatwa kwa mgonjwa, na kuwepo au kutoweka kwake humsaidia kutofautisha aina za saratani ya matiti.

Hataza iliyopotea

Jambo moja liliwashangaza Waingereza wengi baadaye. Mbinu iliyokuja kuzaa biashara ya mabilioni ya dola haikuwa na hataza.

Milstein hakuwa ameficha kitu. Kabla ya makala kuchapishwa mwaka 1975, baraza lililomwajiri liliarifiwa, na suala hilo likafikishwa katika shirika la serikali lililosimamia hataza za ugunduzi. Jibu lililorudi mwaka 1976 lilisema kwamba haikuonekana matumizi ya haraka ya biashara.

Wakati huo yeye alikuwa akizigawa seli zake kwa maabara nyingine duniani bila malipo. Mwaka 1979 na 1980, watafiti wa Taasisi ya Wistar ya Marekani, waliopata seli kutoka kwake, walipewa hataza za kingamwili za monokloni dhidi ya uvimbe wa saratani na dhidi ya virusi. Kelele zilizuka Uingereza, na suala hilo likafika hadi kwa Waziri Mkuu Margaret Thatcher.

Milstein hakuwa mtu wa kulilia fedha. Alitaka kazi hiyo isambae, na ilisambaa. Ni vigumu kusema dunia ingekuwaje kama kila maabara ingetakiwa kulipia leseni kabla ya kuigusa. Lililo wazi ni kwamba ugonjwa mpya ulipoibuka miaka sita tu baada ya makala ya mwaka 1975, chombo cha kuutambulia kilikuwa tayari mikononi mwa watu.

Ugonjwa mpya, chombo tayari

Juni 1981 madaktari wa Los Angeles waliripoti vijana waliokuwa wakifa kwa aina ya homa ya mapafu isiyowapata watu wenye kinga nzuri. Walipozipima chembe nyeupe za wagonjwa hao kwa kingamwili mpya, walikuta seli saidizi zikiwa zimekaribia kutoweka. Bila kingamwili hizo, hesabu ya jumla ya chembe nyeupe isingeonyesha ni kundi lipi linaloangamia.

Mwaka 1984, makundi mawili ya watafiti, moja London na jingine Paris, yalionyesha ni kwa nini. Virusi vya Ukimwi huingia katika seli kwa kushika CD4. Walilijua hilo kwa sababu kingamwili zilizoifunika CD4 zilivizuia virusi visiingie. Kifungo cha kuunganishia seli kilikuwa kimegeuzwa mlango wa mwizi.

Mwaka huo huo, Milstein, Köhler na Niels Jerne wa Denmark walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Milstein alikuwa Muargentina wa tatu kupata Nobel ya sayansi, baada ya Bernardo Houssay mwaka 1947 na Luis Leloir mwaka 1970. Mji wa Bahía Blanca ulimpa heshima ya uraia wake mwaka 1987.

Namba inafika Nyanda za Juu

Hapa nchini, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Baada ya hapo ugonjwa ulifuata barabara kuu, na Nyanda za Juu Kusini zikawa katika njia yake. Malori ya kwenda na kutoka Tunduma yalilala Mafinga, Makambako na Mbeya mjini, na vibarua wa mashamba ya chai na misitu walikaa miezi mingi mbali na familia zao.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 hadi 2004 ulionyesha kuwa maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 7 nchini, lakini Mbeya na Iringa yalikuwa karibu mara mbili ya hapo. Katika utafiti wa mwaka 2007 hadi 2008, Iringa, ambayo wakati huo ilijumuisha Njombe, ilikaribia asilimia 16 na kuongoza nchi. Wilaya ya Makete ilijulikana kote nchini kwa idadi ya yatima wake.

Katika kliniki za tiba na matunzo zilizofunguliwa baada ya 2004, damu ya mgonjwa ilichanganywa na kingamwili za monokloni zilizobandikwa rangi inayong'aa. Mashine ilizipitisha seli mbele ya mwanga wa leza, na kila seli iliyong'aa kwa kushikwa na kingamwili ya CD4 ilihesabiwa. Mtu mwenye afya huwa na takriban seli 500 hadi 1,500 katika mikrolita moja ya damu. Aliyebaki na 50 alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi.

Lakini mashine hizo hazikuwa kila mahali. Vituo vingi vya vijijini havikuwa nazo, na ama damu ilisafirishwa au mgonjwa alisafiri. Kwa mtu anayekaa milimani ambako mvua ikinyesha barabara hukatika, namba iliyokusudiwa kumwokoa iligeuka kuwa kizuizi, kwa kuwa bila namba hapakuwa na dawa mpaka ugonjwa umlaze kitandani.

Kiwango cha 200 kilipandishwa baadaye hadi 350 na kisha 500, kadiri ushahidi ulivyoonyesha kwamba kusubiri kunaua. Mwaka 2016 Tanzania iliamua kwamba kila anayekutwa na virusi aanze dawa mara moja, bila kujali hesabu. Leo CD4 hupimwa zaidi kumtambua mgonjwa aliyechelewa sana na anayehitaji uangalizi wa ziada.

Jijini Mbeya kipo pia kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambacho tangu miaka ya 1990 kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Munich, katika mji alikozaliwa Köhler. Hapo zimefanyika tafiti za kifua kikuu na majaribio ya chanjo za Ukimwi, na wakazi wa Mbeya wamejitolea damu na muda wao kwa ajili hiyo. Majaribio ya PrEPVacc, yaliyoihusisha Mbeya, yalisitisha utoaji wa chanjo mwaka 2023 baada ya kuonekana kwamba haingezuia maambukizi.

Tanzania ilikuwa pia miongoni mwa nchi saba za Afrika ambako zaidi ya wanawake 1,900 walishiriki katika jaribio la kingamwili ya monokloni iitwayo VRC01, inayoziba sehemu ya kirusi inayoshika CD4. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa ujumla haikutosha kuzuia maambukizi, ingawa iliwazuia virusi wa aina zinazodhurika nayo kwa takriban asilimia 75. Safari bado ni ndefu, lakini njia ni ile ile iliyofunguliwa Cambridge.

Mwisho wa safari yake

Köhler alifariki dunia mapema, Machi 1, 1995 mjini Freiburg, akiwa na umri wa miaka 48 tu. Mwaka huo huo Milstein alistaafu rasmi, lakini aliendelea kwenda maabara. Alichunguza jinsi kingamwili zinavyobadilika na kuboreka ndani ya mwili, swali lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo. Ikumbukwe kwamba haibridoma zenyewe zilizaliwa katika kulitafuta jibu la swali hilo, wala si katika kutafuta dawa au kipimo.

César Milstein alifariki dunia mjini Cambridge Machi 24, 2002, akiwa na umri wa miaka 74, kutokana na maradhi ya moyo. Yeye na Celia hawakujaliwa watoto.

Wakati huo ilibaki miaka miwili na nusu kabla ya dawa za bure kuanza kutolewa Tanzania. Kutoka W3/25 ya mwaka 1977 hadi Oktoba 2004 ni miaka 27. Waliozikwa Makete, Mufindi, Rungwe na Mbozi katika kipindi hicho walikufa kwa ugonjwa ambao sayansi ilikwisha kujua unaingilia mlango upi. Milstein alikuwa amekitoa chombo chake bure. Kilichochelewa kufika huku kilikuwa fedha, mashine, watu wa kuiendesha na uamuzi wa wenye nguvu.

Leo mama anayepeleka mtoto mwenye homa katika zahanati ya Ilula au Tukuyu hutobolewa mtoto wake kidole, na kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika chache. Mstari unaojitokeza hapo ni kazi ya kingamwili za monokloni. Ndivyo ilivyo hata kwa kipimo cha ujauzito kinachouzwa katika duka la dawa.

Vijana wanaosomea kazi za maabara jijini Mbeya na mjini Iringa hufundishwa namna ya kuvitumia vipimo hivyo. Wengi wao, kama Milstein alipokuwa na umri wao, hupima damu za wagonjwa ili wapate riziki. Kama miongoni mwao yumo mwenye swali linalomsumbua, taifa hili linapaswa kumpa maabara ya kulifuatilia na utulivu wa kubaki nayo, ili asilazimike kufunga mizigo kama Celia na César walivyofanya mwaka 1963.